Mhariri wa Watoto wa Kiapo

Msimu wa korosho ukifika Chidya na Newala, kusini mwa Tanzania, mabibo hukamuliwa uraka, pombe ya mabibo, na uraka ukipikwa hutoka nipa, pombe kali zaidi. Anayetaka kuwaonya vijana dhidi ya vileo hivyo huanzia msikitini au kanisani. Katika vita kama hiyo dhidi ya ulevi, Jessie Forsyth, mzaliwa wa London mwaka 1847, alitegemea kalamu.

Alijiunga na Good Templars, chama cha walioapa kutoonja kileo, mwaka 1872. Miaka miwili baadaye akahamia Boston, Marekani. Hakuolewa, na riziki alijitafutia mwenyewe. Kura hakuwa nayo, lakini chama hicho kiliwapokea wanawake kama wanachama kamili na kuwapa hata uongozi.

Mwaka 1876 chama kilikutana Louisville, Kentucky. Wajumbe wa Uingereza, wakiongozwa na Joseph Malins, walitaka Weusi wa majimbo ya Kusini wapokelewe; wengi wao walikuwa wametoka utumwani juzijuzi. Wazungu wa Kusini wakagoma, chama kikapasuka. Forsyth akawafuata akina Malins, kambi aliyokuwamo pia William Wells Brown, mwandishi aliyewahi kutoroka utumwani. Mwaka huohuo, upande wa Chidya na Newala, Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana aliwaongoza watumwa waliokombolewa kutoka Unguja hadi Masasi.

Pande mbili zilipatana 1887, kwa masharti yaliyoruhusu Weusi wa Kusini wawe na matawi yao kando. Kwangu mimi, huo ulikuwa ushindi wa nusu.

Tangu 1893 hadi 1908 Forsyth alisimamia kazi ya watoto ya chama duniani kote. Watoto waliapa mengi kuliko wazazi wao: pamoja na pombe, waliacha tumbaku, kamari na matusi. Mwaka 1901 akaongezewa uhariri wa jarida la kimataifa la chama, The International Good Templar, akaushika hadi 1908. Wahubiri wa jukwaani ndio wanaokumbukwa zaidi, lakini matawi yaliyotengwa na bahari yalijuana kwa maandishi, na aliyechagua kipi kichapwe alikuwa yeye.

Mwaka 1911, umri ukiwa umepita miaka 60, alihamia Australia Magharibi, akaendelea kupinga ulevi huko hadi uzeeni. Alifariki 1937. Kura aliyoikosa awali, Australia Magharibi ilikuwa imewapa wanawake wa Kizungu tangu 1899, huku wenyeji wake wa asili wakiachwa nje.