Mlango wa Kadi: Nani Anaruhusiwa Kutoka?



Kazi hii ya uandishi hunipitisha kwenye ofisi nyingi za mjini, na siku hizi naona milango ya kadi kila kona. Unagusisha kadi, taa ya kijani inawaka, unapita. Huna kadi? Kaa hapo mapokezi umsubiri mwenyeji wako. Ukiuliza sababu utaambiwa ni usalama. Sawa, lakini usalama wa nani? Wa kompyuta zilizomo ndani, au wa watu waliomo ndani? Swali hili lina umri kuliko kadi zenyewe.

Tuanzie Chicago, Desemba 30, 1903. Ukumbi wa maonyesho wa Iroquois uliwaka moto wakati wa onyesho la mchana, wakafa watu zaidi ya 600. Milango mingine ilikuwa imefungwa, mingine ilikuwa na makomeo ambayo watu hawakujua yanafunguliwaje. Muuza vifaa vya milango wa Indianapolis, Carl Prinzler, alikuwa aende kwenye onyesho lile, akapata udhuru. Baadaye yeye na mhandisi Henry DuPont walileta sokoni, mwaka 1908, chuma cha kusukuma kinachokatiza mlango: kwa nje umefungwa, kwa ndani ukikisukuma tu unafunguka.

Dawa ikawepo, lakini ugonjwa haukwisha. Machi 25, 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle kule New York kiliungua. Walikufa wafanyakazi 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Ghorofa ya 9, mlango mmoja wa kushukia ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Kwa nini? Ilielezwa kwamba wafanyakazi walitakiwa watokee upande mmoja, mikoba ikaguliwe wasije wakaiba. Unaona? Mali ikalindwa, mtu akasahauliwa. Wenye kiwanda walishitakiwa, wakaachiwa huru Desemba mwaka huohuo.

Kisha umeme ukafika mlangoni. Mwaka 1969, ukumbi wa Montreal Forum nchini Kanada ulitaka kufunga milango yake, watu wa zimamoto wakaingiwa na wasiwasi. Hapo ndipo Sumner Saphirstein alipobuni kufuli la kisasa la sumaku. Sumaku ya umeme inakaa kwenye fremu, bamba la chuma kwenye mlango. Umeme ukipita, vinashikana kwa nguvu ya mamia ya kilo. Umeme ukikatwa, mlango uko huru. Kumbe kifaa hiki tunachokiona cha kuzuia watu kilizaliwa ili watu waweze kutoka!

Sasa balaa liko kwenye ufungaji. Kwetu umeme hukatika, kwa hiyo fundi anaweka betri. Betri inaendelea kuilisha sumaku. Kama kengele ya moto haikuunganishwa ikate moja kwa moja umeme wa kufuli, pamoja na ule wa betri, jengo litaungua na mlango utaendelea kushikilia. Ipo pia aina ya kufuli linalobaki limefungwa umeme ukikatika. Hilo linafaa chumba cha fedha, ila kitasa cha ndani lazima kifungue kwa mkono, bila umeme wala kadi.

Ndiyo maana kazi hii inapaswa kuanza na karatasi kabla ya nyaya: kila mlango uandikwe, na swali lake, umeme ukiondoka ufunguke au ufungwe? Na siku ya kukabidhi, mlio wa kadi usimtoshe mwenye jengo. Wazime umeme. Walize kengele ya moto. Kisha mtu asiye na kadi ajaribu kutoka.

Msiseme haya ni ya Wazungu. Machi 2001, shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, Kenya, wavulana 67 waliteketea bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, madirisha yana nondo. Hapakuwa na sumaku wala kadi pale. Ni fikra ileile tu ya kufunga bila kuuliza aliyemo ndani atatokaje.

Wewe mwenye kadi shingoni, mwulize msimamizi wa jengo lenu: mara ya mwisho milango hii ilijaribiwa lini umeme ukiwa umezimwa? Akicheka, usicheke naye.

Nawasilisha.