Duara la Moto: Tanuu la Chokaa katika Historia ya Pwani

Waandishi wa historia ya Pwani wamezoea kutuonyesha kuta. Hutupeleka Kilwa, Gedi na Mji Mkongwe wa Unguja, wakatuhesabia mihrabu, madaka na milango ya nakshi. Ni nadra kutuonyesha moto. Ilhali hakuna ukuta wa chokaa uliosimama bila ya kutanguliwa na moto mkubwa uliowashwa nje, juu ya ardhi tupu, ukapangwa kwa kipimo na kwa vifaa vilivyochaguliwa. Moto huo ni tanuu la chokaa, nalo ndilo mada ya makala haya.

Asili ya jambo ni jiwe. Visiwa vyetu havina mawe ya milimani. Vina matumbawe, yaani mawe yaliyojengwa na viumbe wa baharini kwa maelfu ya miaka. Mafundi wa kale waliyagawa mafungu mawili. Lile laini lilikatwa likiwa bichi chini ya maji, likachongwa kabla halijakauka na kuwa gumu, likafaa kwa mihrabu na miimo ya milango. Lile la nchi kavu, gumu na lenye matundu, lilichimbwa likajaza kuta. Maandishi ya Kikufi ya msikiti wa Kizimkazi, yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 Miladia, yanatuonyesha jinsi ustadi wa kulichonga tumbawe ulivyokuwa umekomaa zama hizo.

Ama tumbawe lina tabia moja: halipatani na moto. Kwa kuwa lina vitundu, hunywa maji. Likipashwa ghafla, maji hayo hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia hulipasua. Likidumu katika moto mkali zaidi, huacha kabisa kuwa jiwe. Kwa hiyo anayetaka kujenga mahali pa moto uani hana budi kuuliza kwanza jiwe lake limetoka wapi. Figa la udongo uliochomwa hustahimili pale ambapo tumbawe hupasuka. Ndugu zetu wa Ngazidja wamejaaliwa mawe ya aina mbili katika kisiwa kimoja: lile jeusi la volkano ya Karthala, ambalo huvumilia moto, na lile jeupe la baharini, ambalo huchomwa likawa chokaa.

Basi udhaifu wa jiwe hili jikoni ndio uliokuwa nguvu yake katika ujenzi.

Tanuu la asili halikuwa na kuta wala dari. Lilikuwa duara. Magogo yalilazwa chini yakielekea kati kama miale ya jua, tabaka juu ya tabaka, na kati pakaachwa shimo la kutilia vijiti vikavu vya kuwashia. Juu ya magogo yalipangwa matumbawe yaliyovunjwavunjwa. Kipimo kilikuwa mwili wa fundi mwenyewe: shibiri, dhiraa ambayo ni karibu nusu mita, na pima ambayo ni dhiraa nne. Hata hivyo kipimo hicho hakikuwa cha kubahatisha. Katika maumbo yote yenye eneo moja, duara ndilo lenye ukingo mfupi kuliko yote, na ukingoni ndiko joto linakopotea. Tena moto uliowashwa katika kitovu huufikia ukingo wote kwa wakati mmoja. Mawe nayo yalihitaji kiasi: yakiwa makubwa mno, ngozi huiva na moyo ukabaki mbichi, yakiwa madogo mno, huziba njia za hewa na moto ukafifia.

Joto linalohitajika ni nyuzi 900 za Selsiasi hivi, wala halitoshi kufika mara moja tu; lazima lidumu. Hapo, katika kila kilo 100 za jiwe safi, kilo 44 huondoka kama hewa ya ukaa, zikabaki kilo 56 za kitu cheupe, chepesi na kikali. Kikimwagiwa maji huchemka na kutoa mvuke, kikanywa kilo 18 hivi, na hapo husemwa kuwa chokaa imezimwa. Ikishatiwa ukutani, chokaa hurudisha polepole hewa ile ile iliyopotea motoni, ikawa ngumu tena. Yaani ukuta wa chokaa ni jiwe lililofanyiwa safari ndefu ili lirudi kuwa jiwe, safari hii kwa umbo alilolitaka mjenzi.

Lakini safari hiyo ina gharama yake. Husuni Kubwa ya Kilwa, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 chini ya Sultan al-Hasan bin Sulaiman, ina vyumba zaidi ya 100. Upana wa vyumba vya Pwani, aghalabu kati ya mita 2.5 na 3, uliwekwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Hivyo msitu uliingia nyumbani kwa njia mbili: kama boriti juani, na kama majivu katika tanuu. Tunaisifu nyumba kwa mawe yake, tukasahau kwamba ilikula miti pia.

Katika karne ya 20 saruji ilikuja ikaonekana kutuepusha na taabu hii. Ni ngumu na hukauka upesi. Ila ukuta wa matumbawe hupumua. Unyevu huingia na kutoka kupitia chokaa. Ukipakwa lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani pamoja na chumvi, na jiwe huanza kuliwa kutoka moyoni huku uso ukionekana mzima. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na Mji Mkongwe ukafuata mwaka 2000. Majina hayo ni heshima kubwa, lakini heshima haizibi ufa. Unaozibwa kwa chokaa unahitaji tanuu, na tanuu linahitaji kuni.

Kwa hiyo deni letu ni kwa wawili: ukuta na mkoko. Tanuu lililopangwa vibaya huwadhulumu wote wawili, kwani huteketeza miti mingi na kutoa mawe mabichi. Lililopangwa vyema huokoa kuni na huivisha jiwe. Tofauti yao haimo katika vitabu vyetu; imo mikononi mwa wachomaji chokaa, katika dhiraa na shibiri zao. Tumekwisha kupima kila mlango na kila daka la miji hii. Ni haki sasa tulipime na lile duara, tuliandike, na tulihesabu miongoni mwa majengo ya Pwani, ingawa lenyewe halikusudiwa kudumu zaidi ya moto wake.