MAFUA YA KILA MSIMU, SEHEMU YA 4: UA LILILOSINGIZIWA

Leo twende Marekani, kwenye tambarare za nyasi wanazoziita prairi. Huko kuna ua la porini linaitwa solidago. Ni la njano kama dhahabu, na kila mwaka huchipua upya kutoka mizizi ileile.

Solidago huchanua sana Agosti na Septemba. Sasa miezi hiyohiyo ndiyo watu wengi huko hupiga chafya, macho yanawasha, pua zinachuruzika. Basi watu wakaunganisha wenyewe: ua limechanua, sisi tunaumwa, mchawi ni huyu!

Kulikuwa na daktari mmoja wa Massachusetts, Morrill Wyman. Mafua hayo yalimsumbua yeye mwenyewe kila mwaka, ila akipanda milima ya White Mountains anapata nafuu. Mwaka 1870 akiwa huko milimani, kilifunguliwa kifurushi cha mmea mwingine uliochumwa kwao, ambrosia. Yeye na mwanawe wakaunusa. Chafya zikaanza palepale! Mwaka 1872 akachapisha kitabu kuhusu ugonjwa huo.

Siri iko kwenye chavua, ule unga wa maua. Chavua ya solidago ni nzito na inanata, nyuki ndio huibeba. Ya ambrosia ni nyepesi, inapeperushwa na upepo hadi puani. Lakini maua ya ambrosia ni madogo, ya kijani, hakuna anayeyatazama. Yanachanua msimu mmoja na solidago, basi lawama zote zikamwangukia anayeonekana. Nebraska walilifanya solidago ua la jimbo lao mwaka 1895, na bado hadi leo wapo wanaolilaumu.

Kwa nini nawasimulia? Kwa sababu na sisi tunafanya hivyohivyo. Mtoto akipiga chafya tunang'oa maua ya uani, huku vumbi la godoro, moshi wa jikoni na sigara ya baba viko palepale. Kabla hujalaumu, andika kwa wiki mbili: ameanza lini, alikuwa wapi, kulikuwa na nini hewani. Ukija kliniki na karatasi hiyo, unatusaidia sana.

Ila mtoto akipumua harakaharaka, kifua kikibonyea ndani au akishindwa kunyonya, usiandike chochote. Mbebe, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Maswali yaacheni hapo chini, nitayasoma.