Jirani Yetu wa Liuli: Utii wa Archdikoni Johnson

Kitabu cha miaka mia moja huwa na kishawishi chake: kuhesabu majengo, mabati na kengele, kisha kuwapanga viongozi kwa vyeo. Katika habari za unyenyekevu na utii nimeona vema kuanzia nje ya nyumba yetu. Sisi Walutheri wa Mbinga na ufuko wa Nyasa tu wachache katikati ya Wakatoliki na Waanglikana. Wamisionari wa Berlin walipofika kaskazini mwa ziwa mwaka 1891, Mwanglikana mmoja alikuwa amekwisha kutumika ziwani karibu miaka kumi.

William Percival Johnson, msomi wa Oxford, aliacha nafasi ya utumishi serikalini huko India, akamfuata Askofu Edward Steere Unguja mwaka 1876. Alikaa Mwembe kwa Mataka, mtawala wa Wayao, akafukuzwa. Mwaka 1882 alifika ziwani pamoja na Charles Janson. Mwenzake huyo akafariki upesi, naye akabaki. Alikwenda Uingereza kuchangisha fedha za meli, nayo ikaitwa kwa jina la Janson. Lakini mwaka 1884 alipatwa na ugonjwa wa macho: jicho moja likapofuka, la pili likabakiwa na nuru kidogo.

Angalirudi kwao kwa heshima, wala hakuna ambaye angalimlaumu. Yeye alirudi Nyasa. Asiyeona sawasawa hawezi kujifanya bwana wa njia. Humbidi kuwahitaji wale aliokuja kuwafundisha, awape mkono wamshike. Huo kwangu ndio unyenyekevu, kuliko ule wa kuinamisha kichwa mbele ya watu. Hata hivyo, Biblia nzima katika Kinyanja ilikamilika mwaka 1912, naye ndiye mfasiri wake.

Tena kuna jambo ambalo wanahistoria hulipita haraka. Rafiki yake Chauncy Maples aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1895, na mwaka huohuo akazama ziwani kabla hajafika Likoma. Maaskofu watatu waliofuata, yaani Hine, Trower na Fisher, wote walikuwa wadogo kwa Johnson kwa umri, na hakuna aliyelijua ziwa hili kabla yake. Aliendelea kutumika chini yao, kijiji kwa kijiji, kwa meli na kwa miguu. Sisi wachungaji, tunaojua jinsi barua ya uhamisho iliyotiwa sahihi na kijana inavyoweza kumnyima mzee usingizi, tusome habari hii polepole pamoja na Wafilipi sura ya 2.

Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya jiwe lake kubwa, leo imo katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga. Hapo ndipo Johnson alipofariki mwezi Oktoba 1928, akiwa na miaka 74, na hapo ndipo alipozikwa, upande wetu wa ziwa.