Nyigu wadogo wanaolinda mahindi na kabeji Kericho na Bomet

MAJANI chai ndiyo yaliyozipa Kericho na Bomet sifa, lakini kando ya michai familia nyingi hupanda mahindi na kabeji za chakula na za kuuza. Katika vishamba hivyo, hasara kubwa husababishwa na viwavi. Njia mojawapo ya kuwadhibiti bila kumwaga sumu ni kutumia nyigu ambao ni maadui wao wa asili.

Nyigu hawa si wale wanaouma watu. Wengi hawazidi milimita chache kwa urefu. Jike humtafuta kiwavi na kutaga mayai ndani ya mwili wake. Mabuu huanguliwa humo, humla kiwavi angali hai, kisha hutoka na kujifumia vifuko. Kiwavi hufa.

Hata hivyo, si kila nyigu humfaa kila mdudu. Mwaka 1993, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, chenye makao yake Nairobi, kiliachilia Pwani ya Kenya nyigu aitwaye Cotesia flavipes, aliyeletwa kutoka Pakistan. Alikusudiwa kumkabili Chilo partellus, bungua wa mahindi aliyeingia Afrika kutoka Asia, na amestawi na kuenea.

Nyanda za juu zina bungua mwingine, Busseola fusca, mzawa wa Afrika. Nyigu wa Pakistan akitaga ndani yake, chembe za damu za kiwavi huyazingira mayai na kuyaangamiza. Anayemweza ni Cotesia sesamiae, nyigu mzawa. Naye pia hutofautiana: wa Pwani hushindwa na bungua huyu, ilhali wa bara hufaulu, kwa kuwa pamoja na mayai humdunga kiwavi virusi vinavyolemaza kinga yake.

Kwa kabeji na sukumawiki, adui mkuu ni nondo mgongo-almasi, ambaye amekuwa sugu kwa dawa nyingi. Mwaka 2002, ICIPE iliachilia katika maeneo ya milimani, yakiwemo ya Taita, nyigu Diadegma semiclausum kutoka Taiwan. Huyu hupenda baridi, hivyo hali ya hewa ya nyanda za juu humfaa. Sehemu za joto huhitaji jamii nyingine.

Hata viwanda vya chai vina deni kwa nyigu. Mikaratusi, ambayo kuni zake hutumiwa kukaushia majani chai, hushambuliwa na fukusi wa jamii ya Gonipterus. Nyigu Anaphes nitens wa Australia, ambaye hutaga ndani ya mayai ya fukusi huyo, alipelekwa Afrika Kusini mwaka 1926 na kuletwa Kenya katika miaka ya 1940.

Mkulima binafsi hahitaji kununua nyigu ili kufaidika nao. La kwanza ni kutowaua. Dawa zinazoua wadudu wa kila aina huwamaliza nyigu pia, na viwavi waliosalia huzaana bila adui. Inafaa kukagua shamba kabla ya kunyunyiza. Vifuko vidogo vyeupe vilivyokusanyika kando ya kiwavi aliyedhoofika si mayai ya mdudu mharibifu bali ni vya nyigu, na havifai kupondwa.

La pili ni kuwapa makao. Nyigu waliokomaa hunywa nekta, hivyo maua ya kingoni mwa shamba huwasaidia. Mwaka 1997, watafiti wa ICIPE na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walionyesha kwamba nyasi za molasi zikipandwa kati ya mahindi hufukuza nondo wa bungua na wakati huohuo humvutia Cotesia sesamiae.

Nyigu hawamalizi wadudu kabisa, huwapunguza tu. Vilevile, kuingiza nyigu wa kigeni si kazi ya mtu binafsi. Lazima kibali kitolewe na wadudu wachunguzwe kwanza katika karantini, ili kuhakikisha hawatadhuru viumbe wasiolengwa.