Kutoka Damu ya Pongo hadi Nakala ya Jeni: Historia ya Uthibitisho wa Malale katika Ukanda wa Majanji na Tororo

Janga la malale la mwanzoni mwa karne ya 20 liliua watu zaidi ya laki mbili kandokando ya Ziwa Victoria. Tangu hapo swali moja limeuandama ukanda unaoanzia Majanji, ufukoni mwa ziwa wilayani Busia, hadi Tororo: je, vimelea vilivyomo katika damu ya mifugo na wanyamapori ndivyo vinavyowaua watu? Hadubini ilishindwa kulijibu. Tripanosoma isiyomdhuru binadamu na ile iletayo malale makali zinafanana kwa umbo kiasi kwamba jicho haliwezi kuzitofautisha.

Jibu la awali lilitafutwa kwa njia ambayo leo isingepita katika kamati yoyote ya maadili. Mwaka 1958, Heisch na wenzake walichapisha taarifa ya vimelea vilivyotolewa kwa pongo mmoja huko Nyanza. Vilithibitishwa kuwa vya malale baada ya kuingizwa katika mwili wa mtu aliyejitolea, naye akaugua. Miaka minane baadaye Onyango, van Hoeve na de Raadt, watafiti wa shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa tripanosoma lililokuwa Tororo, walitoa ushahidi kutoka Alego kwamba ng'ombe nao wanaweza kuwa hifadhi ya ugonjwa huo. Mwaka 1970 Rickman na Robson walimweka panya mahali pa mtu: vimelea vilichanganywa kwanza na damu ya binadamu, kisha panya akadungwa. Hiyo ilikuwa hatua kubwa ya kiutu, ingawa majibu yake hayakuwa thabiti kila mara.

Mwaka huohuo wa 1958, huko California, Meselson na Stahl walithibitisha jambo ambalo Watson na Crick walikuwa wamelidokeza mwaka 1953. DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana, ambamo adenini hukabiliana na thimini, na guanini na sitosini. Nyuzi zinapoachana, kila mmoja huwa kielelezo cha kuundia mwenzake, hivyo kila nakala hubeba uzi mmoja wa kale na mmoja mpya. Hakuna aliyeihusisha habari hiyo na pongo wa Nyanza.

Uhusiano ulikuja taratibu. Mwaka 1983 Kary Mullis alibuni njia ya kurudufisha kipande cha DNA ndani ya kichupa: nakala huongezeka maradufu kila mzunguko, na mizunguko 30 inaweza, kwa hesabu, kuzalisha zaidi ya bilioni moja kutoka kipande kimoja. Mwaka 1998 ilidhihirika kwamba jeni moja, SRA, inatosha kuiwezesha tripanosoma kustahimili damu ya binadamu, ambayo kwa kawaida huiangamiza. Mwaka 2001 jeni hiyo ilitumiwa kuwatambua ng'ombe wa Uganda waliobeba vimelea vya malale. Mtu wa kujitolea na panya hawakuhitajika tena.

Istilahi za Kiswahili zimefuata njia nyingine. Tanzania ilitunga sheria ya vinasaba vya binadamu mwaka 2009, na neno hilo, lenye mzizi wa nasaba, limezoeleka katika habari za mahakama na za ubaba wa watoto. Magazeti ya Kenya hupendelea "chembechembe za DNA". Yote mawili hayaelezi urudufu. Mfugaji wa Majanji akiambiwa kwamba ng'ombe wake amepimwa vinasaba, ana haki ya kudhani kuwa kinachotafutwa ni ukoo wa ng'ombe, ilhali kinachotafutwa ni jeni ya kimelea.

Suala hili si la wanaleksikografia peke yao. Jeni ya SRA hupatikana kwa nakala moja tu katika jenomu ya kimelea. Pale vimelea vilipo vichache katika damu, sampuli iliyochukuliwa inaweza kuikosa, na hapo hapana cha kurudufishwa. Kwa sababu hiyo, mwongozo wowote wa Kiswahili utakaotumiwa na maafisa wa mifugo wa pande zote mbili za mpaka hauna budi kutenganisha kauli mbili ambazo fomu nyingi zingezichanganya: "jeni haikuonekana" na "ng'ombe hana vimelea". Ya kwanza ni matokeo ya maabara. Ya pili ni ahadi ambayo maabara haikuitoa.