Kishale Kinaruka Kwa Sababu Ploti Haina Ardhi

Wasee, leo sina maneno na serikali. Leo nina maneno na tundu moja dogo kwenye ukuta wa chumba changu hapa Gilgil, na nimelifuatilia hadi Vita vya Pili vya Dunia. Kaeni nami kidogo, kwa sababu tundu hilo liko kwako pia.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma kutosha. Nilichobaki nacho ni laptopu, na hiyo ndiyo ofisi yangu. Nahariri video za harusi, za mazishi, za kanisa, halafu hizi zangu. Sasa mwezi jana kishale kikaanza wazimu. Nakiweka kwenye klipu, kinaruka pembeni. Naburuta kitu, kinakiachilia njiani. Usiku mmoja kilifuta dakika nane za hotuba ya mama wa bibi harusi, na mimi na usingizi wangu sikuona. Mteja aliona. Salio hakunilipa, na manze, hakukosea.

Nilifanya kile kila mtu hufanya: nikalaumu virusi. Nikafuta programu, nikaweka Windows upya, siku mbili zikaenda. Kishale bado kinaruka. Mtengenezaji mmoja mjini akaniambia tachipadi imekufa, nilete elfu nne. Sikuwa nazo, na hiyo ndiyo bahati yangu. Nilikuwa na muda tu, kwa hivyo nikaanza kusoma: hivi kishale hujuaje pa kwenda?

Mwaka 1964, katika taasisi ya utafiti ya Stanford huko California, Bill English alitengeneza kifaa cha mbao kilichobuniwa na mwenzake, Douglas Engelbart. Chini yake kulikuwa na magurudumu mawili ya chuma. Moja lilipima mwendo wa kushoto na kulia, lingine wa mbele na nyuma. Tarehe 9 Desemba 1968, Engelbart alikionyesha San Francisco mbele ya ukumbi uliojaa wataalamu wa kompyuta. Waya ulitoka kama mkia, wao wakakiita panya, na jina likabaki.

Baadaye magurudumu yakageuzwa kuwa kampira kanakobingirika ndani. Kama una kaka au dada aliyekuwa akiingia saiba miaka ya 2000, muulize. Kishale kikikwama, unageuza mausi, unatoa mpira, unakwangua uchafu kwa ukucha. Mashine ilipima mwendo wa mpira, kwa hivyo uchafu ndio uliokuwa adui. Mwaka 1999 Microsoft wakatoa IntelliMouse Explorer, mausi ya mwanga. Chini yake kuna kamera ndogo inayopiga picha za meza mara nyingi sana kwa sekunde moja na kuzilinganisha. Mpira ukaisha, uchafu wake ukaisha, lakini weka mausi ya namna hiyo juu ya kioo uone inavyopotea. Kamera haina cha kuona.

Umeona mtindo? Kila kifaa kina wazimu wake, na wazimu huo hutoka kwenye kile kinachopimwa. Siku ya kwanza ningejiuliza tu: hii tachipadi yangu inapima nini?

Inakupima wewe. Apple walipotoa PowerBook za mfululizo wa 500 mwaka 1994, zilikuwa na kibao cha kugusa badala ya mpira, na laptopu karibu zote zikafuata njia hiyo. Chini ya kile kibao kuna mistari myembamba yenye chaji ndogo ya umeme. Kidole chako kina maji na chumvi, kwa hivyo kikikaribia, chaji inabadilika kidogo sana, na mashine inajua kidole kiko wapi. Maana yake ni kwamba ukigusa tachipadi, mwili wako unakuwa sehemu ya saketi. Ukiwa na kelele ya umeme mwilini, kishale kitaandika kelele hiyo.

Nikaanza kupima kama mtu mwenye akili. Nikaazima mausi ya jirani: kishale kimetulia. Kwa hivyo Windows ni nzima. Nikachomoa chaja, nikatumia betri pekee: tachipadi imetulia tuli. Kumbe haijakufa! Nikachomeka tena chaja: wazimu. Nikaenda saiba karibu na stendi na laptopu ileile, chaja ileile, nikachomeka kwao: imetulia. Nikarudi keja, nikachomeka: wazimu. Halafu nikapitisha mgongo wa mkono polepole juu ya kifuniko cha chuma. Kulikuwa na mtetemo, kama chuma kina nywele fupi. Mtetemo huo nimeuhisi mwaka mzima nikidhani ni baridi ya Gilgil.

Nikamwita fundi wa stima. Akafungua soketi, akatia kifaa chake cha kupimia, akanyamaza, kisha akasema, "Kijana, hii ploti haina ardhi."

Nikacheka. "Fundi, si ploti yenyewe ndiyo ardhi?"

Hakucheka. Akanionyesha. Soketi yetu ina matundu matatu. Mawili ya chini hupitisha stima ya volti 240, moja ikiingia na nyingine ikirudi. Tundu la juu, lile kubwa, ni la waya wa kijani na njano unaopaswa kwenda hadi kwenye nondo iliyopigiliwa udongoni. Kwetu nyuma ya tundu la juu hakukuwa na kitu. Aliyejenga aliokoa waya.

Sasa chaja ya laptopu. Ndani yake kuna kijipande kinachozuia kelele za umeme, na kijipande hicho huvujisha stima kidogo sana kuelekea upande wa laptopu. Kama waya wa ardhi upo, kelele inashuka udongoni. Kama haupo, inakaa kwenye kifuniko cha laptopu na kungoja mtu. Mtu huyo ni mimi na kidole changu. Kiasi chake ni cha kusisimua ngozi tu, hakiui. Lakini kinatosha kuvuruga kifaa kinachopima chaji ndogo ya kidole.

Hapo ndipo nikataka kujua: nani aliamua tundu hili liwepo?

Zamani Waingereza walikuwa na plagi za pini za mviringo, za saizi tofauti tofauti, fujo tupu. Vita vikiendelea, wakaunda kamati ya kupanga nyaya za nyumba zitakazojengwa baada ya vita, na ripoti ikatoka 1944. Katika kamati hiyo kulikuwa na mwanamke mmoja tu, Caroline Haslett. Huyu alikuwa mhandisi aliyeongoza chama cha wanawake cha mambo ya umeme, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kufikiria umeme jikoni, mahali palipo na mama na watoto. Kamati ikataka soketi ambayo mtoto hawezi kuingiza kitu. Mwaka 1947 kiwango kikatoka, BS 1363: pini tatu bapa, fyuzi ndani ya plagi, na vifuniko vidogo ndani ya soketi. Pini ya ardhi ni ndefu kuliko zingine, kwa hivyo inaingia kwanza, na kwenye soketi nyingi ndiyo inayosukuma vifuniko vya matundu mawili ya chini vifunguke. Ulinzi kwanza, stima baadaye.

Ili ujue ni zamani gani: mwaka huohuo wa 1947 hapa Gilgil Waingereza walikuwa na kambi ya kuwafungia wapiganaji wa Kiyahudi waliotolewa Palestina. Tulikuwa koloni. Kampuni ya stima yenyewe, East African Power and Lighting, ilikuwapo tangu 1922, na ndiyo ilikuja kuitwa Kenya Power and Lighting mwaka 1983. Plagi ya Waingereza ikawa plagi yetu. Wakoloni wakaenda, soketi ikabaki ukutani.

Lakini tulibaki na umbo, tukasahau sababu. Niambie ukweli: ukiwa na chaja ya pini mbili, si unachukua biro, unaisukuma tundu la juu, unaingiza pini mbili chini? Nimefanya hivyo tangu shule ya msingi. Nilidhani ni ujanja. Kumbe biro inafanya kazi ya pini ya ardhi: inafungua mlango, lakini hailindi mtu.

Na hapa ndipo nilipoacha kucheka kabisa. Wiki ileile, mtoto wa jirani, wa miaka mitatu, alikuwa ameketi mlangoni kwangu akiniangalia nikichomeka simu kwa biro. Kesho yake mamake akamkuta na kijiti mbele ya soketi yao, anatafuta tundu la juu. Vifuniko vile viliwekwa kwa ajili ya mtoto kama huyu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuvifungua.

Pia kuna bafu. Ploti yetu ina shawa ya maji moto ya stima, tunaitumia wote. Laptopu bila ardhi itakutekenya tu. Shawa bila ardhi, ikiharibika ndani, inaweza kukuua ukiwa umesimama kwenye maji. Kishale changu kilikuwa kinatoa habari za bafu, na mimi nikakipeleka kutibiwa virusi.

Nikaenda kwa mzee mwenye ploti. Akasema watu wamekaa hapa miaka mingi na hakuna aliyelalamika. Nikarudi na wapangaji watano na mama wa yule mtoto. "Mzee," mama akamwambia, "sisi tunaomba waya tu, hatuombi shamba." Mita ikishapita, nyaya za nyumba ni za mwenye nyumba, Kenya Power hawatakuja kukuwekea. Olkaria hapo karibu na Naivasha inatoa stima kutoka kwenye mvuke tangu 1981, lakini mvuke haukuchimbii nondo. Mwishowe tulikubaliana: nusu yake, nusu tuchange sisi. Haki kamili haikuwa. Lakini bafu halingojei haki.

Fundi mwenye leseni ya EPRA alipigilia nondo nyuma ya bafu, pale maji yanapomwagika, kwa sababu udongo mkavu hupitisha umeme vibaya na hapa kwetu kiangazi si mchezo. Akavuta waya wa kijani na njano hadi kila soketi. Usijaribu mwenyewe, tafadhali.

Kwa hivyo kishale chako kikiruka, fuata njia hii. Kausha vidole na ufute kibao. Jaribu mausi ya nje. Chomoa chaja. Kikitulia bila chaja, jaribu soketi ya nyumba nyingine, na uangalie kama kebo ya chaja kweli ina pini tatu za chuma, maana nyingine ile ya juu ni plastiki tu. Ikiwa chaja yako ni ya pini mbili kiwandani, shida yaweza kuwa chaja yenyewe. Na kama tachipadi imeinuka au haibonyezi vizuri, zima mashine mara moja usiichaji: huenda betri imevimba chini yake, na betri iliyovimba inaweza kushika moto.

Nimeandika haya yote kwenye laptopu ikiwa imechomekwa. Kishale kimekaa pale nilipokiweka. Biro nimempa mtoto wa jirani, pamoja na karatasi.